Usizime logi, usiziache zijae: ziwekee mpaka

Tarehe 30 Juni kila mwenye saiba Kenya anaijua. Ndiyo siku ya mwisho ya mtu binafsi kuwasilisha ritani za KRA, na sisi Wakenya, kama kawaida yetu, tunangoja jioni ya siku yenyewe. Mwaka mmoja siku hiyo ilinikuta nikisaidia kwenye saiba huku kwetu Kisauni, si mbali na steji ya Bakarani. Kufikia saa kumi jioni foleni ilikuwa imetoka mlangoni hadi kwa muuza viazi karai.

Halafu mashine kubwa ikagoma.

Naiita kubwa kwa kazi yake, si kwa umbo. Ni kompyuta kuukuu ya mkono wa pili inayotumia Ubuntu, na ndiyo iliyokuwa ikigawa Wi-Fi, ikipokea kazi za kuprinti na kutunza faili za wateja. Ukituma karatasi kwa printa, kimya. Ukihifadhi risiti ya PDF, inakataa. Tukaizima na kuiwasha, ile dawa ya kwanza ya kila fundi wa mtaa, mambo yakazidi kuharibika. Unaandika nywila, skrini inapepesa, unarudishwa pale pale pa kuandika nywila.

Mama mmoja aliyekuwa ameshika bahasha ya kaki akanitazama. "Mwanangu, sasa mimi n'ende wapi saa hizi?" Sikuwa na jibu. Faini ya kuchelewa ni Sh2,000 kwa mtu binafsi, na kwa mtu anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, hizo si pesa za kuchezea.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wa kwanza alisema virusi. Wa pili alisema ni stima, maana asubuhi ilipotea na kurudi mara mbili. Mwenye saiba akaapa kuna mtu amemfanyia. Hakuna aliyetaja kilichokuwa kweli: mashine ilikuwa imejiandikia yenyewe hadi ikakosa pa kuandika.

Hoja yangu leo ni hiyo, na naisema mapema. Logi ni muhimu, lakini logi isiyo na mpaka ni bomba lililoachwa wazi. Ukiiacha itakufungia kazi. Ukiizima kwa hasira itakunyima ushahidi siku unapouhitaji. Dawa ni kuiwekea mpaka sasa, mashine ikiwa bado nzima. Vijana wengi tunaojiita mafundi hatufanyi hivyo, na mimi nilikuwa wa kwanza kutofanya.

Mashine inaandika nini?

Duka la mtaa lina daftari la madeni: nani amechukua unga, lini, wa shilingi ngapi. Kompyuta nayo ina daftari lake. Huandika saa ngapi imewaka, nani ameingia, printa gani imekataa, programu gani imeanguka. Mistari hiyo ndiyo logi. Kwenye Linux nyingi hukaa ndani ya folda ya /var/log, na waandishi mara nyingi ni wawili. Mmoja anaitwa journald, sehemu ya systemd, na daftari lake tuliite shajara. Wa pili ni rsyslog, anayenakili mambo yale yale kwenye faili za maandishi ya kawaida kama syslog na kern.log.

Jioni ile tulifungua dirisha la maandishi matupu kwa kubonyeza Ctrl, Alt na F3, tukaingia, tukaandika df -h. Jibu likaja bila kupepesa: sehemu ya mfumo, GB 30, imejaa asilimia 100. Tukaandika sudo du -sh /var/log/syslog /var/log/kern.log kuona kila faili ina uzito gani. Syslog, GB 8. Kern.log, GB 8 nyingine. Yaani faili mbili za maandishi zilikuwa zimekula zaidi ya nusu ya sehemu nzima.

Na ndani yake? Lalamiko moja, likirudiwa. Kadi ya Wi-Fi haikuwa imekaa vizuri kwenye nafasi yake, na kila ilipokosea, kerneli iliandika malalamiko. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, kompyuta inalirekebisha papo hapo na kazi inaendelea, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini lalamiko hilo likija mara kadhaa kwa kila sekunde, usiku na mchana, na kila likija linaandikwa kwenye syslog, kwenye kern.log na kwenye shajara, hesabu haihitaji profesa.

Lakini shajara ya journald haikufika hata GB 3. Waliyoitengeneza waliipa mpaka tangu kuzaliwa: usipoigusa, haivuki asilimia 10 ya sehemu ya diski iliyomo, na hata diski iwe kubwa namna gani, haivuki GB 4. Ikikaribia hapo hufuta kurasa za zamani. Zile faili mbili za rsyslog hazikuwa na mpaka wa ukubwa. Zilikuwa zimepangiwa muda tu, zigeuzwe mara moja kwa wiki. Na wiki ni muda mrefu sana kwa mashine inayopiga kelele kila sekunde.

Mtu wa Kisauni anaelewa hili kupitia tanki la maji. Maji ya mfereji yakija, na mara nyingi huja wewe umelala, tanki lenye boya hujaa, boya linapanda, maji yanajifunga. Tanki lisilo na boya linamwaga hadi alfajiri, slabu inalowa, na jirani wa chini anakugongea mlango kabla ya adhana. Sasa wewe useme, "Mimi huamka kila Jumapili kuangalia." Hilo si boya, babangu. Maji hayangoji Jumapili.

Makosa mawili, yote yangu

Kosa la kwanza nililifanya palepale, mbele ya foleni. Nilifuta syslog kwa amri ya rm, nikaandika df tena nikiwa na tabasamu. Bado asilimia 100. Nikafuta kern.log. Bado. Nikahisi jasho la mgongoni.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kwenye Linux, kufuta jina la faili si sawa na kuachilia nafasi yake. Kama kuna programu iliyoishika faili hiyo, nafasi inabaki kwa programu hadi iiachilie. Rsyslog ilikuwa bado imezishika zile faili na inaendelea kuandika. Ni kama kung'oa kibao cha namba mlangoni ukidhani mpangaji ameondoka, kumbe yumo ndani anapika. Ilibidi niiwashe upya rsyslog ndipo GB 16 zikarudi. Siku hizi sifuti. Naipunguza faili hadi sifuri kwa sudo truncate -s 0 /var/log/syslog, au namwachia logrotate kazi yake.

Kufikia hapo saa mbili usiku ilikuwa imeshapiga. Mama wa bahasha ya kaki alikuwa ameshapanda tuktuk akaenda zake.

Kosa la pili ndilo linalonisumbua hadi leo. Kwa hasira, usiku ule ule, nilizima kila kitu. Rsyslog nikaisimamisha isiwake tena. Kwenye journald nikaandika Storage=none, maana yake usihifadhi chochote. Nikazima hata logi ya programu inayogawa faili kwa mashine nyingine, ambayo tulikuwa tumeipanga iandike akaunti gani imeunganishwa, kutoka mashine gani, saa ngapi. Diski ikawa nyeupe. Nikajiona fundi.

Wiki tatu hivi baadaye mteja mmoja alirudi akiwa amekasirika. Kitambulisho alichoskani pale kilikuwa kimetumika kuombea mkopo wa simu ambao yeye haujui. Skani hiyo ilikuwa kwenye folda ya wateja, na waliokuwa na ruhusa ya folda hiyo ni wahudumu wawili, kila mmoja kwa akaunti yake. Swali lilikuwa rahisi: mchana wa siku ile, nani alikuwa ameunganishwa?

Tukafungua mashine. Hakuna kitu. Logi haingetaja kila alichokifanya mtu, nakubali. Lakini ingetuambia nani aliingia na kutoka saa ngapi, na kama yule mhudumu mdogo hata alikuwa amekaa pale. Mwenye saiba alihitaji mtu wa kulaumu, akamfukuza mdogo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na miezi michache kazini. Sijui alifanya au hakufanya. Mashine iliyokuwapo wakati wote haikuwa na la kusema, kwa sababu mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Ndiyo maana nikisikia kijana mwenzangu akisema, "Mimi huzima tu logi, zinajaza nafasi," huwa sicheki.

Shajara iliyo ndani zaidi

Kuna shajara nyingine ambayo wengi huichanganya na hizi, na inafaa tuitazame kwa sababu waliyoibuni walilitatua tatizo hili mapema. Ni shajara ya mfumo wa faili wenyewe, ule unaopanga faili kwenye diski. Kwenye Linux mfumo unaotumika sana ni ext4. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa faili, ext4 huandika kwanza kwenye shajara yake, "Nataka kufanya hivi," kisha ndiyo inafanya. Stima ikikatika katikati, kompyuta ikiwaka husoma shajara, hukamilisha kilichokuwa kimeandikwa chote na kupuuza kilichoandikwa nusu. Hailindi kila neno ulilokuwa ukichapa, lakini inalinda mpangilio usisambaratike.

Zamani haikuwa hivyo. Mfumo wa ext2 haukuwa na shajara, kwa hivyo stima ikipotea, kompyuta ililazimika kukagua diski nzima kabla ya kukubali kuwaka. Shajara ilikuja na ext3, kazi iliyoongozwa na Stephen Tweedie, ikaingia rasmi kwenye kerneli ya Linux mwaka 2001. Sisi tunajua thamani yake. Mwaka 2023 pekee nchi nzima iliingia gizani Agosti 25, kisha Novemba 11, kisha Desemba 10. Kompyuta zilizimika ghafla kila kona, Kisauni ikiwemo, na nyingi ziliwaka tena bila kulalamika.

Sasa jiulize, mbona shajara hiyo haijawahi kukujazia diski? Kwa sababu ukubwa wake hupangwa siku diski inapofomatiwa, na hauongezeki wenyewe. Ikifika mwisho huanza tena mwanzo, ikiandika juu ya mambo ambayo tayari yametimizwa. Inazunguka. Inakumbuka kinachohitajika kuokoa mashine, kikishatimizwa inapisha kingine. Hakuna mtu anayeamka Jumapili kuifuta.

Ikiwa kitu muhimu kiasi hicho kinaishi ndani ya mpaka, kwa nini syslog ya kadi mbovu ya Wi-Fi iachiwe diski nzima?

Hoja za wanaopinga

Najua mtakayosema. Nimeyasikia yote maskani.

"Hiyo ni shida ya mashine za mtumba." Si kweli. Januari 2004, wiki chache tu baada ya kutua sayari ya Mirihi, gari la utafiti la NASA liitwalo Spirit lilianza kujizima na kujiwasha, zaidi ya mara 60. Chanzo kilikuwa hifadhi yake ya flashi: faili zilikuwa zimerundikana kupita uwezo wa mfumo kuzisimamia. Wahandisi waliliokoa kutoka huku duniani kwa kuliwasha bila kutumia hifadhi hiyo, kisha wakaisafisha. Kama wao walipatikana, wewe wa Mtopanga ni nani?

"Diski siku hizi ni rahisi, nunua kubwa." Kubwa itachelewesha tu. Tena diski za kisasa na kadi za kumbukumbu zina jambo lingine, zinachakaa kwa kuandikwa. Mapema mwaka 2021 kampuni ya Tesla iliita karibu magari 135,000 Marekani, kwa sababu hifadhi ndogo ya GB 8 inayoendesha skrini yake ilikuwa ikichakaa kwa kuandikwa na kufutwa kila siku. Mafundi waliozifungua kompyuta hizo walikuwa wameshaonya kwamba logi ni miongoni mwa zinazoimaliza. Laptopu ndogo ya bei nafuu unayofanyia kazi za mtandaoni ina hifadhi ya jamii hiyo hiyo, nayo mara nyingi imebanwa kwenye bodi. Ikifa, huibadilishi kirahisi.

"Ukiweka mpaka, kelele itafuta ushahidi." Hii ndiyo hoja nzito, na sitaikwepa. Ni kweli. Kama mpaka wako ni MB 500 na kadi mbovu inapiga kelele, mistari yake itajaza nafasi ndani ya saa chache na kusukuma nje kumbukumbu za nani aliingia wiki iliyopita. Ungeishia pale pale nilipoishia mimi, mikono mitupu. Kwa hivyo mpaka mmoja hautoshi. Kinachohitajika ni kutenganisha: kelele ikae na kelele wenzake, na kumbukumbu za watu kuingia na kutoka zikae mahali pake, na mpaka wake. Halafu utafute chanzo cha kelele. Mpaka unakununulia muda wa kukitafuta, haukitengenezi.

Fanya hivi

Kwanza pima. Andika journalctl --disk-usage uone shajara imekula kiasi gani, halafu sudo du -sh /var/log uone folda nzima. Usiguse kitu kabla hujajua kilicho kikubwa ni kipi.

Pili, iwekee shajara mpaka wako. Fungua faili ya /etc/systemd/journald.conf, uandike SystemMaxUse=500M na MaxRetentionSec=90day, kisha uiwashe upya kwa sudo systemctl restart systemd-journald. Hapo umeambia mashine: usivuke MB 500 na usitunze zaidi ya siku 90, lolote litakalotangulia. Mtandaoni utakuta watu wakikwambia uandike tu journalctl --vacuum-size=500M. Amri hiyo ni nzuri, lakini inasafisha mara moja tu. Ni kupiga deki slabu bila kufunga boya.

Tatu, mshike rsyslog. Kwenye faili ya /etc/logrotate.d/rsyslog ongeza mstari wa maxsize 100M, ili faili ikipita hapo igeuzwe hata kama wiki haijaisha. Lakini angalia: logrotate yenyewe kwa kawaida huamka mara moja kwa siku. Kama mashine yako ina historia ya kelele, ipange iamke kila saa. Ukiwa hapo hapo, itoe auth.log kwenye kundi hilo uipe kanuni yake, maana ndiyo inayoweka walioingia. Hiyo mpe muda mrefu kuliko wengine. Kama unagawana faili, logi ya programu hiyo nayo iwe na faili yake na mpaka wake.

Nne, ukiweka mfumo upya, ipe /var/log sehemu yake ya diski. Siku logi zikijaa, zitajaa chumbani mwao. Printa itaendelea kuprinti.

Tano, soma. Logi ambayo haisomwi hadi siku ya msiba ni karatasi tu. Dakika tano kwa wiki zinatosha. Lau ningesoma syslog mara moja mwezi ule, ningeona jina la kadi ile kwenye kila mstari, ningezima mashine, ningeichomoa kadi na kuirudisha vizuri. Ndivyo nilivyofanya baadaye na kelele zikaisha. Kazi ya bisibisi moja.

Na wa Windows wasijione wamesalimika kwa akili zao. Logi kuu za Windows huja na mpaka wa KB 20,480 kila moja, zikijaa zinaandika juu ya zile za zamani. Hapo tatizo lenu ni kinyume: kwenye mashine yenye shughuli nyingi, mnachokitafuta huenda kimeshafutwa. Nanyi pia pangeni mpaka wenyewe, msirithi tu wa kiwandani.

Si nafasi peke yake

Kuna sababu nyingine ya kuweka mpaka, na hii inahusu mteja. Logi ni maisha ya watu. Ndani yake mna majina ya akaunti, saa ambazo mtu alikuwa kwenye kiti, majina ya karatasi alizoprinti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data ya mtu isitunzwe zaidi ya muda unaohitajika kwa kazi iliyokusanyiwa. Saiba ya Mlaleo nayo inashika data za watu, tena nyeti: vitambulisho, PIN za KRA, barua za hospitali.

Kwa hivyo kuna makosa pande zote mbili. Kutotunza chochote kunamwacha mteja bila msaada akidhulumiwa. Kutunza kila kitu milele kunampa mwizi ghala. Ndiyo maana mimi nimechagua siku 90. Malalamiko mengi ya wateja huja ndani ya wiki chache, na baada ya miezi mitatu sioni sababu ya mimi kujua kwamba fulani alikuwa akichapa barua ya kuomba kazi Jumanne saa tisa. Wewe chagua namba yako, lakini uwe na namba, na uweze kuieleza mteja akikuuliza.

Nawaambia hasa vijana wenzangu mnaofungua saiba, mnaorekebisha kompyuta za shule na za misikiti na makanisa, mnaoweka seva ndogo za maduka kuanzia Kwa Bulo hadi Kiembeni. Watu hawatuulizi tumeweka mpaka gani. Wanatuuliza kama mashine inawaka. Ikiwaka wanalipa na kuondoka, na sisi tunafurahi. Lakini kazi yetu haiishii mashine inapowaka. Ukimwachia mteja mashine isiyo na mpaka, umemwachia tanki lisilo na boya, na hutakuwepo usiku maji yakija.

Mashine ile bado inafanya kazi. Ubavuni mwake nimebandika kikaratasi: shajara MB 500, siku 90, kuingia na kutoka kuna faili yake, soma kila Ijumaa. Yule mhudumu aliyefukuzwa, mara ya mwisho nilikutana naye Kongowea akipakua magunia. Tulisalimiana vizuri. Nilitaka kumwambia kuhusu Storage=none, nikashindwa niseme nini, kwa sababu hata nikimwambia sina mstari mmoja wa kumwonyesha mwajiri wake.

Jioni hii kabla hujafunga, andika journalctl --disk-usage uone. Ni amri moja, na haihitaji hata nywila.